Siku Moja Maishani Mwangu: Kulinda Uhai wa Udongo Chini ya Miparachichi ya Kibosho

Saa 11:30 alfajiri, siku ya Jumanne, masika yakiwa yameanza kushika, kazi yangu huanzia mezani kwenye daftari la dawa. Daftari hilo huonyesha kila kipande cha shamba kilipigwa dawa gani, lini na kwa kiasi gani, nami hulisoma nikiwa na swali moja tu: ni wapi leo ninaweza kuweka viumbe hai ardhini bila kuvitupa katika sumu ambayo sisi wenyewe tuliimwaga wiki iliyopita? Shamba ninalosimamia liko Kibosho, juu ya mji wa Moshi, na miparachichi yake aina ya Hass imepandwa katika ardhi iliyokuwa ya kahawa kwa miongo mingi. Kipande cha juu kilipuliziwa dawa ya shaba juzi juzi kwa ajili ya madoa ya matunda, ilhali kile cha chini hakijaguswa na dawa yoyote ya kuvu tangu kiangazi. Uamuzi ukawa mwepesi: trikoderma, ukungu rafiki wa mizizi, itakwenda kipande cha chini jioni, na kipande cha juu kitasubiri.

Saa 1 asubuhi tunakutana mbele ya stoo. Baada ya salamu, jambo la kwanza ni kugawa mabomba ya kupulizia. Yenye utepe mwekundu ni ya viuatilifu, yenye utepe wa kijani ni ya viumbe hai, na hayabadilishani kazi hata siku moja, kwa sababu masalia yanayoganda kwenye mpira na kwenye chujio hayaonekani kwa macho. Kijana mmoja aliyejiunga nasi msimu huu hakuridhika na utaratibu huo.

“Mangi, si zote ni dawa za ukungu? Tungechanganya kwenye bomba moja tukamaliza kazi mara moja.”

“Moja inaua ukungu, mdogo wangu. Hiyo nyingine ndiyo ukungu wenyewe, ila ni ule ulio upande wetu.”

Swali lake lilistahili jibu refu zaidi, nami nililitoa tukiwa tunapanda kuelekea shambani. Trikoderma ni kuvu, yaani ukungu, anayeishi ardhini, na dawa za ukungu kama kabendazimu hazina namna ya kumtofautisha na kuvu mwingine yeyote; ukimweka pamoja nazo utakuwa umenunua kiumbe ili umuue. Lakini adui wetu mkubwa wa masika, Phytophthora cinnamomi, anayeozesha mizizi ya mparachichi hadi mti ukakauka kuanzia ncha za matawi, si kuvu halisi, ingawa kwa sura anafanana naye. Yuko karibu zaidi na jamii ya mwani wa kahawia, na kuta za chembe zake zimejengwa hasa kwa selulosi na glukani, tofauti na za kuvu wa kweli zinazotegemea kitini. Tofauti hiyo ndiyo inayotupa nafasi, kwa kuwa dawa za metalaksili na fosfonati humlenga yeye na jamaa zake huku zikimwacha trikoderma kwa kiasi kikubwa, na trikoderma naye hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha selulosi na glukani hizo. Kwa hiyo hatukatai kila dawa ya dukani. Tunachagua ile isiyompiga rafiki pamoja na adui.

Saa 2:30 ninaingia kipande cha chini nikiwa na sepeto na ndoo. Ninasogeza matandazo, ambayo hapa ni majani ya migomba, nyasi na maranda ya mbao yaliyokwisha kuchakaa, kisha ninatazama mizizi myembamba. Mizizi inayolisha mparachichi hukaa zaidi katika sentimita 30 za juu na haina vinyweleo vya kutosha kama ya mimea mingine, na ndiyo maana mti huu unahitaji sana msaada wa mikoriza, yaani kuvu wanaojiunga na mizizi na kuifikishia fosforasi na maji kutoka mahali ambapo yenyewe haifiki. Maana yake ni kwamba sehemu ya udongo inayopokea matone yote ya dawa kutoka majanini ndiyo hiyo hiyo yenye mizizi ya chakula na viumbe tunaowategemea. Mti hauna shimo jingine la kujificha. Leo ncha za mizizi zilikuwa nyeupe kama maziwa chini ya miti mingi, ingawa karibu na mfereji nilikuta chache nyeusi zilizokatika mara tu nilipozigusa, na miti hiyo nikaifunga kamba ya alama.

Nilipopanda kipande cha juu, picha ilibadilika. Matandazo ya msimu uliopita bado yalikuwa yametandazwa karibu mazima, na nyungunyungu walikuwa wachache mno katika bonge la udongo ambalo, kwa unyevu wake, lingepaswa kuwa nao tele. Hapa ndipo historia ya kahawa inapozungumza. Wakulima wa mlima huu walitumia dawa za shaba kwa muda mrefu kupambana na magonjwa ya kahawa ya chole buni na kutu ya majani, na shaba ni elementi. Haiozi, haivunjwi na bakteria, wala jua haliimalizi. Hujishikiza kwenye mboji na mfinyanzi wa juu na kukaa hapo. Mashamba ya mizabibu ya Ufaransa, ambako mchanganyiko wa Bordeaux wa shaba na chokaa ulianza kutumika miaka ya 1880, yanabeba mzigo huo hadi leo. Udongo ukizidi tindikali, shaba iliyofungwa hulegea na kuwadhuru kuvu, bakteria na nyungunyungu kwa nguvu zaidi, na kwa sababu hiyo katika kipande cha juu ninaanza na chokaa na mboji nyingi, ambazo huishika shaba, kabla ya kufikiria kununua kiumbe chochote cha kwenye pakiti. Kumwaga trikoderma pale leo kungependeza wageni wanaopenda kupiga picha, basi.

Mahali pote nilipochimba nimefukia kipande cha kitambaa cha pamba tupu chenye alama ya kijiti. Pamba ni selulosi. Viumbe wakiwa wazima na udongo ukiwa na unyevu, kitambaa huliwa na kubaki nyuzi, na wakiwa wamedhoofika hutoka karibu kama kilivyoingia. Si kipimo cha maabara, kwa kuwa joto na maji navyo huchangia, lakini kinalinganisha vipande viwili vya shamba moja katika msimu mmoja bila gharama, na wafanyakazi wanakiamini kuliko karatasi yoyote ninayowaletea.

Saa 4 ni chai, halafu kibanda cha mboji. Chini ya kivuli kuna lundo la samadi ya ng'ombe iliyoiva, ambalo siku kadhaa zilizopita tulilichanganya na unga wa trikoderma, tukalilowesha na kulifunika kwa magunia. Neno iliyoiva ndilo lenye uzito. Lundo bichi hupanda hadi nyuzi joto 60 na zaidi, jambo linalofaa kwa kuua mbegu za magugu na vimelea, lakini linamuua pia trikoderma ukimtia mapema. Ni lazima joto lishuke kwanza. Nilipofunua magunia leo niliona utando mweupe unaogeuka kijani, nikasikia harufu ya ardhi yenye mvua, na nikakamata konzi: ilishikana bila kudondosha maji. Hilo liko tayari. Pembeni kuna pipa la basilasi, bakteria anayejitengenezea chembe ngumu za kujihifadhi na hivyo kuvumilia ukame na shaba vizuri kuliko kuvu, naye ndiye atakayetangulia kupelekwa juu wakati chokaa itakapokuwa imefanya kazi.

Karibu saa 6 mchana alikuja jirani, mzee mwenye kihamba cha kahawa, migomba na miparachichi michache.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Nimesikia una dawa ya kufufua udongo. Nipe chupa moja.”

Nilimuuliza anaondoaje magugu, akanijibu kwamba anapiga glifosati chini ya miti kila yanapoota. Nikamwambia, kwa adabu inayostahili umri wake, kwamba chupa yangu haitamsaidia sana. Glifosati huzuia kimeng'enya ambacho mimea hukitumia kutengeneza baadhi ya amino asidi, na kimeng'enya hicho wanacho pia bakteria na kuvu wengi, ijapokuwa sisi wanadamu na wanyama hatunacho. Si kila kiumbe cha udongo kinaangamia, kwa kuwa wapo wanaovumilia na wapo hata wanaoila dawa hiyo, na udongo wetu wa volkano huishika kwa nguvu. Lakini hasara kubwa zaidi ni kwamba ardhi inabaki uchi, haina mizizi inayotoa sukari, na viumbe wa udongo hawana chakula. Nilimshauri afyeke, aache majani yalale pale pale, aongeze ya migomba, na ayaweke mbali na shina ili gome lisioze. Alisikiliza, kisha akaomba chupa tena. Watu wamezoeshwa kwamba uzima unauzwa kwenye chupa, na wauzaji wengine wa vinywaji vya udongo wanalijua hilo vizuri kupita kiasi. Niliagana naye kwa kumpa ndoo ya mboji.

Saa 8 mchana ni ya ofisini. Nilikagua kama bidhaa mpya ya Metarhizium, kuvu anayeua wadudu, tuliyoletewa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo makao yake yako hapa jirani Arusha, kwa sababu kiuatilifu cha kibiolojia nacho kinahitaji usajili, na pakiti isiyo na jina la kiumbe, idadi yake na tarehe ya mwisho siipokei. Kisha nikapiga hesabu ya shaba. Tukipulizia kilo 3 za dawa ya oksikloridi yenye shaba asilimia 50 kwa hekta, tunaacha kilo 1.5 za shaba. Tukirudia mara 4 kwa mwaka, ni kilo 6. Umoja wa Ulaya, ambako ndiko wanakolenga kuuza wanunuzi wetu, unaruhusu wakulima wake kilo 28 kwa hekta katika miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Sheria hiyo haitufungi sisi wa Kibosho, lakini ardhi yetu ilianza ikiwa na deni, na sioni sababu ya kuiongezea shaba nyingi kuliko wao.

Saa 10:30 jioni, jua likiwa limelegea, tulianza kuweka trikoderma kipande cha chini, kwa kuwa mionzi ya mchana huua chembe zake haraka. Maji yalitupa kazi kidogo. Maji ya bomba yana klorini, na maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, yanayopita kwenye mashamba ya juu yanaweza kubeba chembe za Phytophthora zenye mikia ya kuogelea, kwa hiyo tunatumia ya bomba yaliyokaa wazi usiku kucha kwenye mapipa ili klorini ipungue. Wafanyakazi walisogeza matandazo, wakatandaza mboji chini ya kivuli cha matawi bila kugusa shina, wakanyunyiza maji yenye trikoderma, kisha wakarudisha matandazo mara moja. Miti yenye kamba ya alama ilipata fosfonati kwa sindano ya shinani, njia inayopeleka dawa ndani ya mti na kuacha udongo bila tone.

Kuhusu metalaksili ya ardhini, nimeamua tusiiguse msimu huu. Katika mashamba ya maparachichi ya California ilionekana tangu miaka ya 1980 kwamba ikirudiwa mara kwa mara, viumbe wa udongo hujifunza kuila haraka na dawa huisha kabla ya kufanya kazi. Ninaona jambo hilo kuwa ushahidi mzuri wa uwezo wa viumbe hao: wao ndio kiwanda kinachosafisha masalia mengi ya dawa tunazopulizia, na tukiwadhoofisha, masalia hukaa muda mrefu zaidi.

Saa 1 usiku niliandika daftarini kilichowekwa, mahali na hali ya unyevu. Nilimpigia simu dada wa stoo asitoe shaba wala mankozebu, dawa nyingine ya ukungu, kwa ajili ya kipande cha chini bila saini yangu, hata kama msimamizi wa mavuno ataiomba kwa sababu ya madoa kwenye matunda. Kesho asubuhi watu wa msumeno wataanza kupogoa matawi ya ndani ya kipande hicho ili hewa ipite na majani yakauke upesi baada ya mvua, na kwa kipande cha juu lori la chokaa limeahidiwa kufika kabla ya Ijumaa.