Chelo Chini ya Machungwa ya Muheza

Nililipa viti viwili vya basi, kimoja changu na kingine cha chelo, ile fidla kubwa inayopigwa kwa upinde mtu akiwa ameketi, na tiketi zote mbili ninazo hadi leo. Chelo haiwekwi buti. Ni mbao nyembamba zenye uwazi ndani, na daraja linalobeba nyuzi halikugundishwa popote. Limeshikiliwa na mkazo wa nyuzi zenyewe. Tulitoka Mombasa salama, tukavuka mpaka wa Horohoro salama. Tanga abiria wakajaa, na konda akakiuza kile kiti mara ya pili mbele ya macho yangu.

Nikamwonyesha tiketi. "Kaka, binadamu asimame mpaka Dar kwa ajili ya gitaa?" Basi zima likamuunga mkono. Chelo ikatiwa buti, na tulipofika Muheza magunia ya machungwa yakapangwa juu yake. Pesa yangu haikurudi. Kwenye boti ya kwenda Unguja nikatozwa tena, safari hii kama mzigo, na bei yake bado inaniuma.

Chelo hii ndiyo inayonilisha. Napiga kwenye okestra na harusi za Nairobi, siku za kazi nafundisha shuleni, Jumamosi nafundisha watoto wa mtaani kwetu wanaopokezana chelo chache za kuazima. Kwa hiyo nilipofungua kasha Mji Mkongwe na kukuta daraja limelala, nguvu ziliniisha. Nilipoiinua, kitu kikagongagonga ndani. Ni kile kijiti kinachosimama kati ya uso na mgongo wa chelo, bila gundi wala msumari. Kikianguka sauti hufa, na ukikaza nyuzi hivyo hivyo uso unaweza kupasuka.

Nilikuwa nimekuja kufundisha kidogo Dhow Countries Music Academy, chuo cha muziki kilichoanzishwa mwaka 2002. Mwalimu mmoja wa hapo akanipeleka kwa mzee aliyepiga fidla maisha yake yote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ilaze hapo kitandani."

Akatoa spoku ya baiskeli aliyoipinda kama herufi S, ncha moja kaichonga kali. Akachomoa mguu wa chuma wa chelo, akafumba jicho moja na kuchungulia kwenye tundu lake, huku mjukuu akimulika kwa tochi ya simu. Akakichoma kijiti kwa ile ncha, akakipenyeza kupitia upenyo wa usoni, akakisimamisha. Kikaanguka. Akarudia, kikaanguka tena. Ikaadhiniwa alasiri, akaenda kuswali, akarudi na kuendelea pale pale alipoachia. Mwishowe kikasimama nyuma kidogo ya mguu wa daraja, upande wa uzi mwembamba. Akazikaza nyuzi kidogo kidogo, akienda uzi huu na kurudi ule. Malipo aliyakataa katakata. Alitaka jambo moja tu: usiku niende mazoezini nikae nyuma ya fidla.

Nimepiga nyimbo za Bach, yule mtunzi wa Kijerumani, tangu ujana, lakini usiku ule nilikuwa mwanafunzi. Wimbo ulikuwa katika Rast, mojawapo ya maqam, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, ambayo sauti yake ya tatu haimo kwenye piano. Kwenye uzi mnene wa C inakaa kati ya kidole cha pili na cha tatu. Mzee aliniongoza bila kunitazama: "Teremsha. Bado. Umepitiliza, panda kidogo."

Na hakuna aliyeniuliza hilo ni gitaa gani. Taarab iliichukua chelo kutoka bendi za Misri karne iliyopita ikaifanya yake. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab cha Zanzibar kilichokuwapo tangu 1905, hakishangai kuiona. Mama aliyeleta kahawa alisikiliza kidogo, akaniambia nimemfunika mwimbaji. Alisema kweli.

Nairobi watoto wangu wanajiandaa kwa mitihani inayotungwa London. Bach nampenda na nitaendelea kumfundisha. Lakini nimewafundisha miaka yote kana kwamba chelo ni mgeni wa Afrika Mashariki, kumbe safari ya siku moja kutoka Mombasa kuna wazee waliozeeka nayo. Sasa kila Jumamosi tunaanza na Rast, na wadogo wanaipata upesi kuliko mimi.

Mzee amekubali kuja kuwafundisha mwenyewe likizo ya Desemba. Nauli yake ya ndege bado naichanga. Kwa basi simleti.