Rubani, Ukungu na Alama ya Pili

Nyumba yetu hapa Malindi iko karibu sana na uwanja wa ndege, hata watoto hutambua kwa mlio tu kama ndege inatua au inapaa, na labda ndiyo sababu ajali ya Bishkek, mji mkuu wa Kirigizistani, haijanitoka moyoni.

Asubuhi ya tarehe 16 Januari 2017, Boeing 747 ya mizigo ya kampuni ya Kituruki, iliyotoka Hong Kong kwenda Istanbul, ilikuwa ikishuka katika uwanja wa Manas, ule wa Bishkek, huku ukungu mzito umetanda. Ilikuwa juu kuliko ilivyopasa, ikanasa mawimbi ya uongo. Mitambo ya uwanja hurusha mstari wa mteremko wa nyuzi 3 hivi, ambao ndege huufuata hadi chini. Lakini juu yake, kwenye nyuzi 9, hutokea mstari mwingine usio wa kweli, na hilo si hitilafu bali ni tabia ya mitambo yenyewe, inayojulikana na marubani. Kinga yake ni hesabu ndogo ya kulinganisha kimo cha ndege na umbali uliobaki. Marubani wale waliendelea kushuka, wakaupita uwanja wangali angani, na walipoamua kupaa tena walikuwa futi 58 tu kutoka ardhini.

Kwetu neno rubani lilikuwa la baharini kabla ya kuwa la angani. Rubani aliyemwongoza Vasco da Gama hadi Calicut, India, mwaka 1498 alipatikana papa hapa Malindi. Hata leo mvuvi anayetafuta mwamba wake hutazama zaidi ya alama moja ya nchi kavu, kwa kuwa alama moja humpa upande tu, haimpi mahali. Nilipomsimulia mjomba, ambaye amezeekea baharini, habari za Manas, aliniuliza jambo moja: “Na alama ya pili walikuwa nayo?”

Walikuwa nayo, mjomba. Kimo na umbali vyote vilikuwa mbele ya macho yao.

Walikufa watu 39. Wanne tu ndio waliokuwa ndegeni. 35 walikuwa wanakijiji wa Dacha-SU, wakiwemo watoto, wengi wao wakiwa majumbani mwao saa hiyo ya saa moja na robo. Ndege iliwaangukia kiasi cha kilomita moja kupita mwisho wa njia ya kutulia. Nimeupima kwa miguu umbali wa kutoka uzio wa uwanja wetu hadi mlangoni kwangu. Haufiki nusu ya huo.