Kichwa cha Rangi ya Chungwa

Nilikwenda kupiga picha maua. Niliseme hilo mapema, maana yaliyonikuta asubuhi ile yalimkuta mtu aliyekuwa akitazama juu, kwenye matawi, na mambo yenyewe yalikuwa chini.

Ilikuwa mwishoni mwa Aprili, majira ya machipuko yamekolea. Siku tatu kabla nilikuwa nimepita karibu na bustani nikiwa ndani ya basi, nikaiona micheri iliyolizunguka bwawa imechanua yote kwa pamoja, kama wingu la waridi lililoshuka kunywa maji. Nikajiahidi: Jumamosi nitakuja na kamera. Ijumaa usiku ukavuma upepo wenye mvua. Mtu anayeijua micheri angegeukia upande wa pili akaendelea kulala, kwa kuwa maua yake yakishachanua hayana hata muda wa kuzoeleka, ni wiki moja hivi, na upepo wa usiku mmoja unatosha kuyamaliza. Mimi sikulijua hilo. Niliamka alfajiri.

Nikakuta matawi yamebaki na vishada vichache vilivyolowa, vinadondosha maji. Petali zote zilikuwa bwawani. Zilikuwa zimesukumwa na upepo hadi upande mmoja, zikalala pale nzito kama blanketi, na bata dume wawili wenye vichwa vya kijani walikuwa wakipita katikati yake, nyuma yao wakiacha mifereji myeusi iliyojifunga taratibu. Picha nzuri kuliko ile niliyoijia, ukiniuliza leo. Siku ile nilinuna tu. Nikakaa kwenye benchi lililolowa, nikalowa.

Kwenye benchi la pili alikuwapo bibi mmoja mwenye darubini shingoni na kijidaftari mapajani. Nilimwamkia, akaitikia bila kuondoa macho majini. Kwa kuwa nilikuwa na kisirani na nilitaka mtu wa kunihurumia, nikamwambia nimeyakosa maua.

"Yapi? Hayo?" Akaonyesha micheri kwa kidevu. "Hayo hata nyuki hawayataki, mwanangu."

Nilidhani ananitania. Akaninyanyua, akanipeleka hadi kwenye kishada kimoja kilichosalimika, akanipa nihesabu. Ua moja lilikuwa na petali zaidi ya ishirini, zimebanana kama karatasi iliyofinyangwa. Akanionyesha katikati: palipotakiwa kuwa na stameni za kutosha, zenye chavua, petali ndizo zilizojaa. Watunza bustani, alisema, kwa vizazi vingi wamekuwa wakichagua miti ambayo stameni zake zimegeuka petali, kwa sababu watu wanapenda ua lililojaa. Nyuki akifika hapo anakuta mapambo matupu. Kisha akanigeuza nyuma, kwenye mtufaha mmoja uliojikunja karibu na uzio, ambao sikuwa nimeutazama hata mara moja. Maua yake yalikuwa ya petali tano tano, meupe yenye wekundu kidogo pembeni, ya kawaida kabisa. Mti mzima ulikuwa unavuma. Nyuki wanene wenye manyoya, wale wanaoruka kama wamebeba mizigo, waliingia na kutoka bila kupumzika. Walio wakubwa zaidi, akasema, ni malkia. Hao peke yao ndio waliovuka baridi, wamejichimbia ardhini, kila mmoja pweke. Wenzao wote wa mwaka jana walikwisha kufa. Ukimwua malkia mmoja mwanzoni mwa machipuko umeua kundi zima ambalo halijazaliwa.

Nikaanza kumpenda bibi huyu. Muda si mrefu nikamkera.

Alikuwa amekuja kuhesabu viota, na kiota alichokuwa akikiangalia kilikuwa kama hatua kumi kutoka ukingoni: lundo la matete makavu, vijiti, kipande cha mfuko wa plastiki na, juu kabisa, kitawi cha mcheri ambacho maua yake yalikuwa bado yanang'ang'ania. Mwenye kiota ni kukuziwa, wale weusi wenye bamba jeupe kwenye paji la uso, ambao miguu yao haina utando kama ya bata bali vidole vina mapande mapana ya ngozi kila upande. Nikisema ukweli, nilikuwa nimewaona mara nyingi na kuwahesabu kama bata waliokosa rangi. Vifaranga wao ndio walionishtua. Walikuwa sita. Mwili mweusi, utosi mwekundu usio na manyoya, na kuzunguka shingo nywele za rangi ya chungwa zilizosimama ovyo. Fikiria mzee mwenye upara aliyeunguzwa na jua, kisha akavaa kola ya moto. Sijawahi kuona kitu kibaya kinachopendeza namna ile.

Mzazi mmoja alizama, akaibuka na jani la majini, wote sita wakamkimbilia wakilia. Akampa wa kwanza. Akazama tena, akampa yule yule, au mwenzake, sikuweza kuwatofautisha. Mmoja alikuwa mdogo kuliko wengine, anafika kila mara chakula kimekwisha kumezwa, naye ndiye aliyekuwa akilia zaidi. Mara ya nne au ya tano alimfikia mzazi akanyoosha shingo. Mzazi akamgeukia, akamdaka kichwa kwa mdomo, akamtikisa. Akamwachia. Kifaranga akarudi, akanyoosha shingo tena. Akamdaka tena, mara hii kwa nguvu, akamzamisha.

Sikufikiri. Niliinuka nikapiga makofi, nikapiga kelele, nikaokota kokoto nikalirusha. Sikumlenga, lilianguka pembeni yao, kwenye petali, likatoboa tundu jeusi. Lakini lilitosha. Mzazi akakimbia juu ya maji akipiga miguu, watano wakamfuata kwenye matete, na yule mdogo niliyekuwa nikimwokoa akabaki peke yake katikati ya blanketi la waridi, anazunguka, analia.

"Kaa chini," alisema bibi. Sauti yake haikupanda. Sijui kwa nini nilitamani ingepanda.

Nikakaa.

"Unamwona yule?" Ng'ambo ya bwawa, chini ya mierebi, korongo wa kijivu alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Nilikuwa nimempita nikidhani ni mti. "Yule hula vifaranga. Anapenda hasa walio peke yao."

Tulikaa. Sikumbuki kama ilikuwa nusu saa au saa nzima. Mbayuwayu walikuwa wakipita juu ya maji, wanashuka na kugusa kwa mdomo bila kusimama. Bibi alinitajia, pengine ili nisiendelee kutafuna kucha, kwamba ndege yule ana uzito wa gramu ishirini hivi na alikuwa amevuka Sahara wiki chache tu zilizopita. Miguuni petu, kwenye kina cha shubiri moja, viluwiluwi walikuwa wamejazana kwenye jua la kwanza kama nukta za wino. Yote hayo nayakumbuka kwa sababu nilikuwa nikiyatazama kwa bidii ili nisimtazame korongo. Aliteremsha mguu wa pili. Akapiga hatua moja. Akasimama.

Ndipo bibi alipoanza kunieleza kwa nini mzazi anamng'ata mtoto wake. Kukuziwa hutaga yai moja kwa siku na huanza kuatamia kabla hajamaliza kutaga, kwa hiyo vifaranga hawaanguliwi siku moja: wa kwanza anakuwa na siku kadhaa za kula kabla ya wa mwisho kutoka ganda. Wote wanaomba. Chakula hakiwatoshi. Wazazi huwaadhibu wanaoomba sana, na mara nyingi wengine hukata tamaa, wakaacha kuomba, wakafa. "Na wengine?" niliuliza. Wengine, alisema, mzazi huja akawachagua, akawa anawalisha hao hao.

"Anawachaguaje?"

Akacheka mara ya kwanza tangu nirushe kokoto. "Kwa ile kola."

Sikumwamini, na hilo nililitafuta baadaye mwenyewe. Ni kweli, ingawa uthibitisho niliousoma ulihusu jamaa yao wa Marekani. Bruce Lyon na wenzake, waliowachunguza ndege hao huko British Columbia, Kanada, waliandika mwaka 1994 kwamba walikata kwa mkasi ncha za rangi ya chungwa za nusu ya vifaranga katika kiota kimoja kimoja, wakawaacha weusi, na wenzao wakawaacha kama walivyo. Wazazi waliwalisha zaidi wenye rangi. Wakakua haraka, wakaishi zaidi. Ila walipowakata wote kiotani, vifaranga weusi watupu, waliishi sawasawa na wa viota vya kawaida. Weusi kwa hiyo haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kuwa mweusi mbele ya ndugu anayewaka.

Nimeusoma utafiti ule zaidi ya mara moja, na kila mara narudi kwenye ule mti wa mcheri wenye petali ishirini na kitu, uliochaguliwa na kuchaguliwa hadi ukasahau kazi ya ua, na ule mtufaha uliokuwa ukiita kwa petali tano na ukaitikiwa. Kola ya kifaranga, petali, kichwa cha kijani cha bata dume: bwawa zima asubuhi ile lilikuwa linaomba, na mimi nilikuwa nimekuja kutazama rangi.

Korongo aliruka. Sikuwa tayari, alikunjua mabawa makubwa kuliko nilivyodhani, akapita juu ya bwawa kwa uvivu, na nikafumba macho kama mtoto. Nilipofumbua alikuwa amekwenda zake, sijui kwa nini, na kukuziwa alikuwa ametoka kwenye matete, anakuja moja kwa moja kwenye petali, shingo chini. Alimfikia yule mdogo. Mdogo akanyoosha shingo.

Akamng'ata kichwa.

Bibi aliandika kitu daftarini, akafunga. Alipoondoka alinigusa bega, akasema nikija tena nisije na mawe.

Nilikwenda tena Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Petali zilikuwa zimekuwa za kahawia, zimeoza kwenye ukingo, kisha hazipo. Vifaranga walikuwa wanne. Halafu watatu. Rangi zilikuwa zimeanza kuwafifia, hivyo hata kama mdogo alikuwa mmoja wao nisingemjua, na bibi, nilipomuuliza, alisema daftari lake lina namba tu.

Kwenye kamera ilibaki picha moja ya siku ile. Sikumbuki niliipiga lini. Pengine kidole kiliteleza. Ni maji yaliyojaa petali, yamepinda kidogo, na kwenye pembe ya chini, kulia, kuna nukta ya rangi ya chungwa isiyoonekana vizuri. Rafiki niliyemwonyesha aliivuta ikawa kubwa kwenye kioo, akaniuliza ni uchafu gani ule umeniharibia maua.

Nikamwambia aiache hapo hapo, asiikate.