Kiti Kando ya Chungu

Niliporudi kazini Jumamosi ile, saa moja na nusu usiku na jua la Ohio bado linawaka juu ya mapaa, nilimkuta mama jikoni. Alikuwa amekichukua kiti kimoja cha meza ya kulia akakisogeza mpaka kwenye kona nilipoweka chungu changu cha umeme. Tasbihi mkononi, leso begani, macho kwenye kifuniko cha kioo. Nikambusu mkono, nikamwuliza amekaa pale tangu lini.

"Tangu ulipotoka," akasema.

Nilikuwa nimetoka saa kumi na mbili na robo asubuhi.

Ilikuwa tarehe 17 Juni 2017, Ramadhani imeshaingia kumi la mwisho. Mama alikuwa amefika Columbus, huku Marekani, kutoka Mombasa mwanzoni mwa mfungo, na kilichomshangaza kuliko barabara na majumba kilikuwa ni jua. Kwetu magharibi haiendi mbali na saa kumi na mbili na nusu, uwe Januari, uwe Juni. Huku, mwezi wa Juni, jua linatua saa tatu usiku imekwishapita. "Magharibi saa tatu?" aliniuliza siku ya kwanza. "Jua la huku halina kwao?" Lakini alifunga zote, saa kumi na sita na ushei kila siku, na hakuna siku niliyomsikia akilalamika kiu. Alilolalamikia ni kwamba nyumba yangu haina mtu. Mimi nilikuwa nahudumia wazee, zamu ya saa kumi na mbili. Baba watoto aliendesha teksi ya uwanja wa ndege na kurudi usiku. Mwanangu wa kiume alikuwa na mpira, binti yangu ana darasa la Qur'ani, na yule mdogo anahama nyumba za majirani kama kifurushi.

Ndiyo maana nilikuwa na chungu kile. Nilikinunua kwa dola 12 kwenye duka la vitu vya mitumba mwaka aliozaliwa kitinda mimba wangu. Watoto wanakiita Crock-Pot, jina lililoandikwa tumboni mwake. Mimi nimekiita chungu tangu siku ya kwanza, kwa sababu ukitoa lile ganda la nje lenye waya, kilichobaki ndani ni chungu kweli, udongo uliochomwa, mzito, unaoshika joto na kukaa nalo. Kinapika pole pole mchana kutwa bila mtu, na nikirudi miguu imevimba nakuta chakula. Nakipenda. Kimewalisha watoto wangu siku ambazo mimi nisingeweza.

Futari ya siku ile nilikuwa nimealika watu. Jirani yangu Msomali na wanawe watatu, na dada mmoja wa Lamu niliyekuwa nikifanya naye kazi, yeye na mumewe. Pamoja na sisi tulikuwa kumi na wawili. Alhamisi nilipita kwenye bucha la Msomali Cleveland Avenue nikanunua bega la ng'ombe, paundi 5, yaani kilo mbili na robo. Nyama ya bega wengi huikwepa kwa sababu imejaa kano na utando mweupe, na mtu wa haraka hataiweza. Mimi ndiyo ninayoitaka. Ukiipa saa za kutosha, zile kano zinayeyuka zikawa ute, rojo linanata midomoni, na nyama unainyambua kwa uma mbili tu, nyuzi kwa nyuzi. Minofu mizuri isiyo na kano ukiipika hivyo inakauka kama kamba.

Baada ya daku nilifanya mambo yangu. Niliipaka nyama chumvi na pilipili manga, nikaibandika kwenye kikaango chenye moto mkali mpaka ikashika rangi kila upande. Vitunguu vinne, thomu na tangawizi zilizotwangwa, bizari nyembamba, kijiti cha mdalasini, nyanya, na kikombe kimoja cha maji. Si zaidi ya hapo, kwa maana nyama yenyewe itatoa maji yake na mvuke hauna pa kwenda. Ukwaju niliuroweka kando, uingie mwisho. Saa kumi na mbili nikafunika, nikaweka moto mdogo. Hesabu yangu ilikuwa saa kumi. Jioni mapema nyama iwe tayari, na chungu chenyewe kinajua kuishika ikiwa moto mpaka watu waje.

Mama alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Nikamwambia, huku natafuta funguo za gari, "Mama, usikiguse. Kitajipika."

Nimelifikiria sana neno lile tangu siku ile.

Mama yangu ni mtu wa bokoboko. Nyumbani kwetu Mji wa Kale, usiku wa kuamkia Idi, ngano iliyotwangwa na kurowekwa inatelekwa pamoja na nyama kwenye sufuria kubwa juu ya jiko la makaa. Ikishachemka, makaa ya chini yanapunguzwa na mengine yanapaliwa juu ya kifuniko, joto lije juu na chini, dogo dogo, usiku kucha. Na usiku kucha mtu hukaa hapo. Mama na bibi walipokezana. Mmoja akisinzia mwenziwe anachochea, anaongeza kaa moja, anaondoa kaa moja, ananusa. Mimi nilikuwa nikilala kwenye mkeka ubavuni mwao, nasikia maneno yao yanakuja na kupotea. Nani kaolewa, nani kafiwa, nani hajarudi Lamu. Karibu na alfajiri, kabla ya takbira, sufuria inaepuliwa na kazi ya mwiko inaanza. Unasonga na kusonga mpaka nyama na ngano vishikane, usijue hii ni ipi. Inapakuliwa kwenye sinia, inachimbwa shimo katikati, inamwagiwa samli na kunyunyiziwa sukari. Mwanamke wa namna hiyo huwezi kumwambia chakula kitajipika.

Basi nikafunua kifuniko. Mvuke ukaja usoni, harufu nzuri ya kutosha kumtoa mtu machozi siku ya saumu. Nikachoma uma. Nyama ikaurudisha kama mpira.

"Umekifunua, mama?"

"Nilikuwa nanusa."

Binti yangu, aliyekuwa mezani anakata kabichi ya kachumbari, akasema kwa sauti ya chini kwamba Bibi alikuwa akifunua kila tasbihi inapotimia.

Chungu kile hakina moto wa kuchezea. Jiko la makaa au la gesi ukilifunulia kifuniko, baada ya dakika mbili sufuria inachemka tena. Chungu cha umeme ule mvuke uliojifungia ndani ndio moto wenyewe. Ukiutoa, kitakaa dakika ishirini, pengine nusu saa, kinautafuta tena. Ukifunua kila mara, siku nzima kinapanda na kushuka. Nyama ilikuwa imeiva, ndiyo, inaliwa, lakini zile kano hazijayeyuka. Ungehitaji kisu na meno ya kijana. Na imebaki saa moja na nusu tu, watu kumi na wawili wamefunga.

Nikasema, na sauti ilipanda, "Mama, nilikwambia usikiguse!"

Nyumba ikanyamaza. Kisu cha binti yangu kilisimama juu ya kabichi. Mama hakunijibu. Aliitia tasbihi mfukoni, taratibu, akaikunja leso yake mara mbili akaiweka juu ya kiti. Mimi nikasimama pale na saumu yangu mdomoni na sare ya kazi mwilini, nikitamani neno lile lirudi kooni. Mwanamke amesafiri bahari mbili kuja kuniona, na katika wiki tatu sikuwa nimekaa naye saa mbili mfululizo nikiwa sijalala.

"Nisamehe, mama," nikasema.

"Lete sufuria," akasema. "Ile nzito. Na kisu."

Akaitoa nyama kwenye chungu, akaikata vipande vya ukubwa wa ngumi, akikatiza nyuzi, asizifuate. Nilielewa mara moja. Pande zima la kilo mbili linachukua muda mrefu joto kufika katikati. Vipande vinafikiwa pande zote. Akavipanga kwenye sufuria, akamimina mchuzi wote juu yake, akawasha gesi mpaka ukachemka kwa nguvu, kisha akaupunguza moto. Halafu akageuka kwenye unga wa chapati ambao binti yangu alikuwa ameukanda na kuufunika. Akachopoa donge, akaliviringa baina ya viganja mpaka likawa refu kama kamba, akalizungusha ukingoni mwa sufuria, akaushindilia mfuniko juu yake. Vivyo hivyo nilivyomwona akifanya kwenye sufuria za biriani za arusi, pasitoke hata pumzi.

"Sasa," akasema, "hakuna atakayefunua. Hata mimi."

Tukasukuma chapati. Yeye anakata madonge, mimi nasukuma, binti yangu anachoma. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo mikono yetu mitatu kuwa kwenye unga mmoja. Mama akauliza, bila ya kunitazama, ni nani hasa aliyetengeneza kidude kinachopika bila mtu. Nikamwambia sijui. Binti yangu alifuta mikono akatafuta kwenye simu, akamsomea bibi yake, akitafsiri kadiri ya Kiswahili chake. Mwenyewe anaitwa Irving Naxon, Mmarekani wa Kiyahudi, na hataza yake aliipata mwaka 1940. Wazo lilitoka kwa hadithi ya nyumbani kwao. Huko Vilna, Lithuania, Ijumaa jioni kabla ya Sabato, watu walipeleka vyungu vyao vya nyama na maharage kwa mwoka mikate. Tanuri lilikuwa limezimwa lakini bado lina joto, na chungu kililala humo mpaka siku ya pili, kwa kuwa Sabato haiwashwi moto. Jina hili la Crock-Pot lilikuja mwaka 1971, baada ya kampuni nyingine kuinunua biashara yake.

Mama akaacha kukata madonge.

"Kwa sababu ya ibada?"

"Ndiyo, Bibi."

"Wanaacha chungu kwenye joto usiku kucha, asubuhi wanakula?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo ni kupalia," akasema. "Hiyo naijua." Akakitazama kile chungu changu kitupu, kifuniko chake kimelala kando, kama mtu aliyetambulishwa kwa jamaa yake. Baadaye akaniambia maneno ambayo nayahifadhi mpaka leo. Aliniambia bibi hakukaa usiku kucha pembeni mwa bokoboko kwa kuogopa itaungua. Makaa alikuwa anayajua, angeweza kulala. Alikaa kwa kuwa ule ndio usiku pekee katika mwaka ambao hakuna aliyemwita kwa kazi nyingine. "Nami nikakaa naye," akasema. "Leo nimekaa na hiki chako, nikasema, mwanangu akirudi atakaa nami."

Nilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Niliweka kichwa begani kwake tu.

Wageni walifika, baba watoto akaegesha gari dakika tano kabla, na simu ya jirani ikaadhini. Tende, maji, sambusa moja moja, kisha tukaswali. Sufuria ilikuwa bado imezibwa. Tuliporudi, ule unga ulikuwa umekauka kuwa gamba gumu la rangi ya kahawia, na mama akalivunja kwa kisu huku watoto wote wamemzunguka. Mvuke uliotoka ulifika mpaka sebuleni. Safari hii sikuhitaji uma. Mama aliweka bakuli la maji baridi, akawa anachovya vidole na kunyambua kwa mkono, na nyama inaachana yenyewe, nyuzi ndefu, zinang'aa. Mimi nikachemsha rojo na ukwaju likapungua nusu, nikalimwagia. Tukala kwa chapati na kachumbari ya kabichi na ndimu. Jirani yangu aliuliza nimeipika kwa muda gani, nikamjibu tangu alfajiri, na ilikuwa kweli. Hakikubaki hata cha daku.

Jumatatu nilirudi kwenye zamu. Niliteleka maharagwe ya nazi, niliyokwisha kuyachemsha jana yake kama ipasavyo, nikaweka moto mdogo, na safari hii sikutoa amri yoyote. Saa sita mchana, wakati wa mapumziko, nilipiga simu.

"Waendeleaje, mama?"

"Sijafunua," akasema kabla sijauliza.

Niliporudi nikakuta amekizungushia chungu kamba ya unga ukingoni, imekauka na kupasuka pasuka kwa ule mvuke. Kiti kilikuwa pale pale kwenye kona. Kando yake palikuwa na kiti cha pili, kitupu, na mwanangu mdogo amesimama kaunta akibembeleza apewe lile gamba la unga tutakapolivunja. Nikavua viatu, nikakaa.