Sekunde 9 baada ya "kata"

Leo sijafanya kazi nyingine yoyote, nimeshinda kwenye kompyuta naangalia vipande ambavyo sikuvitumia kwenye filamu yangu ya kwanza. Makopo ya mkanda wa filamu yalikaa miaka kibao, juzi ndo nikayapeleka yakaskaniwa maana mkanda ulishaanza kunuka siki, na ukinuka hivyo ujue unaoza.

Enzi hizo tulikua tunashuti na mkanda wa 35mm. Roli la futi 400 linakupa dakika 4 na nusu hivi, likiisha mnasimama, msaidizi anabadilisha, waigizaji wanapoa. Kwahiyo kichwani mwangu kulikua na saa inahesabu mda wote, muigizaji akimaliza tu neno lake la mwisho mimi "kata!", hata mdomo hajafunga. Maprodyuza walinipenda kwa hilo na mimi nikaona ndo udairekta wenyewe, nimefanya hivyo zaidi ya miaka 40.

Sasa kuna sini mama anaambiwa mwanae amekufa. Anauliza swali moja, anajibiwa, anasema "haya". Nikakata hapo. Kwenye filamu iliyotoka inaishia hapohapo, watu walilia, nikaamini nimeipatia.

Leo nimeona kilichofuata. Mpiga kamera wangu alikua na tabia ya kuchelewa kuzima, nilimgombeza sana kwa hilo, tena mbele za watu, kwamba anatumalizia mkanda. Siku ile alichelewa sekunde 9. Kwa picha 24 kila sekunde hizo ni picha 216, futi 13 na nusu. Sauti hamna, mtu wa sauti alishazima mashine yake. Yule dada aliyeigiza mama anaangalia kikombe kilichopo mezani, anakisogeza pembeni taratibu kama vile kuna mtu anataka kukaa pale, anakiangalia, halafu anakirudisha palepale kilipokua. Basi. Nimerudia sijui mara ngapi. Katika vyote nilivyowahi kumuelekeza mtu afanye mbele ya kamera hakuna kinachofikia kile kikombe, na sikumuelekeza mimi.

Kurosawa, yule dairekta mkubwa wa Japani, alipopewa Oscar ya heshima mwaka 1990, ana miaka 80, alisema anaona bado hajaielewa sinema. Nilidhani ni adabu ya wazee tu. Aisee yule mzee alikua anasema ukweli mtupu.

Na wala sio shida ya mkanda peke yake. Vijana wa sasa wanaweza kuiacha kamera inaenda wee bila kuogopa chochote, lakini nikikaa nao kwenye editi naona wanakata palepale nilipokua nakata mimi, neno likiisha tu wanaruka kwa mtu mwingine. Uso unaachwa ndo kwanza unaanza kuongea.

Jioni nikampigia yule mpiga kamera, ni mtu mzima sasa, mgongo unamsumbua. Nikamuomba msamaha kwa zile kelele zote. Akanyamaza kidogo, akaniuliza ni sini gani, nikamwambia ya kikombe. Akaikumbuka papo hapo. Akasema, "Kaka, alikua hajamaliza."

Dada mwenyewe alishatangulia. Ana binti, namba yake ninayo, kesho nampelekea zile sekunde 9.