Kuku hafariki

Mwezi wa pili sasa, kila baada ya swala ya alfajiri nakaa barazani hapa Chikongola, Mtwara, na kaunta buku langu, napambana na maneno ya Kiingereza cha mtihani. Mimi ni bwana shamba. Nataka kusoma shahada ya uzamili ya magonjwa ya mimea, maana ubwiri unga unaokausha maua ya mikorosho nimeuona miaka mingi kwa macho ya mpuliza salfa tu, na ninataka kuuelewa. Chuo kinataka IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, alama 6.5 kila sehemu. Mara ya kwanza, kwenye kuandika, nilipata 6.

Wasahihishaji wa insha hutazama mambo manne kwa uzito sawa, na msamiati ni mojawapo. Nikaona dawa ni maneno makubwa. Nikapakua orodha ya mtafiti wa lugha Averil Coxhead ya mwaka 2000, familia 570 za maneno ya kitaaluma, nikawa nakariri thelathini kwa siku. Kila penye "buy" nikaweka "purchase", penye "use" nikaweka "utilise", penye "start" nikaweka "commence". Katika insha yangu hadi mtoto mchanga "alikommensi" kulia.

Insha ile nilimtumia mwalimu mmoja wa Kiingereza wa sekondari. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, maneno machache:

"Bwana shamba, kuku hafariki. Kuku anakufa."

Niliirudia sauti ile mara tatu. Kufa ni neno la Kibantu, kufariki limetoka kwa Waarabu, na asili yake ni kutengana. Tunalitunza kwa ajili ya mtu, tena tukiwa na heshima naye. Vilevile njia tunauliza, ila mwombaji wa kazi anasailiwa. Nyumbani tunasema, mkutanoni kiongozi anahutubia. Haya yote nayajua tangu utotoni, hakuna aliyenikaririsha.

Kumbe Waingereza nao wamepitia hukohuko. Wanormandi walipoitwaa nchi yao mwaka 1066, Kifaransa kikakaa kwa wakubwa na mahakamani kwa karne kadhaa. "Begin" likabaki jikoni, "commence" likakaribishwa sebuleni. Mtoto analia jikoni, jamani.

Basi nikaacha kukariri thelathini. Sasa ni matano, na silali mpaka nijue kila neno linakaa na maneno gani. "Mitigate" lilikuwa linanitoka kila siku, hadi nilipogundua kwamba ni kupunguza makali: ya ukame, ya ugonjwa, ya gharama. Makali ya kisu hayamo.

"Fluctuate" nimelipata majini. Nilikuwa navuka kutoka Msangamkuu, kusi inavuma, boti inayumba, akina mama wameshika ndoo zao za samaki. Nikakumbuka jinsi wakulima wangu wanavyosema baada ya mnada: bei ya korosho inayumba. Nilipofika nyumbani nikatafuta asili ya neno. Ni wimbi, kwa Kilatini. Tangu siku hiyo, nikipewa grafu ya kueleza kwa maneno yasiyopungua 150, mstari unaopanda na kushuka nauona kama ile boti, na neno linakuja lenyewe.

Mtihani ni mwezi ujao, Dar. Jana usiku nilikwama kwenye "albeit". Mwalimu akaniambia nianze na Kiswahili changu, nikaandika: mavuno yaliongezeka, ijapokuwa polepole. Halafu akaniuliza ndani ya ijapokuwa naona nini. Nikaona kuwa. Akasema, "Tazama na la kwao." Katikati ya "albeit" kuna "be", limejificha vilevile.

Nikaandika sentensi ya Kiingereza bila kufungua daftari, nikamtumia. Amerudisha alama moja tu ya vema.