Tulivyobeba mchanga kupeleka Lamu

Naandika hii mgongo bado unaniuma, na ami yangu akiisoma atanikana, lakini acha niseme.

Tulikuwa na harusi Lamu. Ami akasema twende na pikapu yake mpaka Mokowe, gati la bara la kupandia boti, tuiache pale, maana njiani kuna kabati la shangazi la kushusha, kijiji kimoja huko ndani ndani Tarasaa. Dereva mimi. Ami macho yake siku hizi si ya barabara, lakini kuendesha ameendesha, miaka 19 Minnesota, na karibu yote kwenye pikapu akipeleka vifaa vya ujenzi.

Alfajiri namkuta amejaza magunia manne ya mchanga kwenye bodi. Ami hii ni nini? Akasema uzito. Pikapu inasukumwa na tairi za nyuma na nyuma ndiko kutupu, ikikuta utelezi mkia unacheza, kwa hivyo unaweka uzito juu ya ekseli, hapa, akapiga bodi kwa kiganja usawa wa tairi, halafu unaufunga kamba usije ukakurukia kichwani ukigonga. Kule kwetu (yaani Minnesota, mpaka leo anasema kule kwetu) ikikaribia Desemba wengi wenye pikapu wanafanya hivi. Nikacheka mpaka jirani akafungua dirisha. Watu wazima tunatoka Malindi na mchanga tunaupeleka Lamu, na Shela pale vilima vizima vya mchanga vimelala tu havina mwenyewe!

Sasa alipoingia ndani kunywa chai nikafanya upumbavu. Kabati lilikataa kukaa, nikayasukuma magunia nyuma kabisa yakaegemea mlango wa bodi. Sikumwambia.

Mafuta nilijaza nikataka kulia, bei hiyo sitaitaja nisije nikaharibu siku yangu. Tukapita Gongoni, Marereni, chumvi imerundikwa meupee kama kawaida, mimi wala siiangalii lakini ami ananyoosha kidole kama mtalii. Ati kule hii inamwagwa barabarani na malori usiku kucha, inafanya maji yasigande upesi, barafu inaachia, ila baridi ikizidi sana, nyuzi kama 10 chini ya sifuri kwenda chini, chumvi ya kawaida inachoka, ndipo wanamwaga mchanga. Na magari yanaliwa kutu chini. Nikamwambia ami kutu hata Malindi tunayo na barafu lenyewe tunalijua la kwenye juisi tu.

Kabati tukalishusha, tukanywa chai, tukala, mvua ikapiga kama dakika ishirini ikaacha. Mimi nikaona mvua ya kitoto hiyo. Udongo mweusi wa delta ya Tana jamani, ukikauka ni tofali ukilowa ni sabuni, na sasa bodi haina kabati, tupu, nina magunia manne yanayoning'inia mkiani.

Kuna mahali njia inashuka kidogo kuvuka mkondo. Mbuzi watatu wakakatiza, nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Pikapu ni ya zamani, haina hizo breki za kisasa zinazojiachia zenyewe, tairi zikafunga pi! zikaacha kuzunguka na gari likaendelea na safari yake. Nakata usukani, hausikii. Halafu kwenye kioo cha pembeni nauona mkia unakuja kwa kushoto, taratibu kabisa, kama mtu anayetaka kunipita kwa adabu. Hiyo taratibu ndiyo iliyonitisha, maana unapata nafasi ya kusoma shahada na kukumbuka madeni.

Ami hakupiga kelele. Akasema, "Toa mguu."

Mguu hautoki.

"Toa mguu kwenye breki, mwanangu. Usiutazame mtaro. Tazama unakotaka kwenda."

Nikatoa. Tairi zikaanza kuzunguka tena na usukani ukarudi kuwa usukani, nikaupeleka kushoto kule kule mkia ulikokwenda, gari likanyooka, alhamdulillahi, nikafurahi mapema, tairi ya nyuma ikadondoka mtaroni. Mbuzi hata hawakugeuka.

Ami akashuka na kikoi chake akazunguka nyuma. Kimya. Halafu, "Magunia nani kayasogeza?" Nikasema kabati, ami. Akaniangalia vile alivyokuwa akiniangalia nikivunja glasi. Uzito ukiupita ekseli ukaenda nyuma, akasema, unanyanyua mbele, na usukani uko mbele, sasa ulitaka ukate nini, hewa?

Nikajitetea, nikasema tungekuwa na fowili, gari la kusukumwa na tairi zote nne, yasingetupata. Wapi! Fowili inakusaidia kuondoka, akasema, haikusaidii kusimama, kusimama wote mnasimama kwa tairi nne zile zile, na kule zilizolala mitaroni nyingi alizoziona yeye ni fowili, kwa sababu mwenyewe amejiamini.

Kitu ambacho hakinitoki kichwani ni hiki. Kabla sijawasha, akapiga magoti kwenye lile tope akaanza kuichimbua ekzosi kwa mkono, kidole kwa kidole, mpaka tundu likaonekana. Nikamwambia ami acha, ikiwaka itajitoa. Akasema ukikwama kwenye theluji ukawasha injini upate joto na ekzosi imezibwa, moshi unarudi ndani ya gari, na sumu iliyomo haina harufu ya kukushtua, unalala tu usiamke. Kisha akanyamaza, akajifuta mkono na nyasi, akasema mwaka wake wa kwanza kule aliteleza kwenye daraja. Madaraja yanaganda kabla ya barabara, baridi inapita juu na chini, na lile barafu hulioni, unaona lami kama imelowa. Akajikuta ndani ya rundo la theluji, akakaa mle garini akalia, halafu akapiga simu nyumbani.

Hiyo simu naikumbuka! Nilikuwa mdogo, bibi aliiweka sauti kubwa tusikie wote, ami akasema yuko salama, hali ya hewa nzuri, mnahitaji nini. Nami nikaitisha viatu vya mpira. Miaka yote hiyo sisi tunamhesabu ndiye aliyefika, tunagombania ile simu tuagize vitu, hakuna hata mmoja aliyeuliza huko anaendeshaje gari.

Vijana wanne wakatokea, sijui walikuwa wamejificha wapi, elfu mbili kusukuma. Ami akawaambia ngojeni. Magunia mawili tukayamwaga mbele ya tairi, mawili tukayarudisha juu ya ekseli tukafunga kamba, akaniambia gia ya pili, mafuta kama unakanyaga yai, ukivuta kwa nguvu tairi inajichimbia kaburi. Mara ya kwanza likarudi, mara ya pili likatoka. Vijana wakadai mia tano za kusimama pale wakituangalia, na nikawapa, maana nilikuwa sina nguvu za kubishana.

Minjila, Gamba, Witu, Hindi, lami tupu, sina la kusimulia zaidi ya kukaguliwa vitambulisho mpaka changu kikakunjika.

Mokowe tumefika tumechoka, tope mpaka nyusi, hamali wakavamia bodi kabla sijazima injini. Mimi nabishana bei ya boti (bei yenyewe inapanda kila wakikuona una begi), ami kaenda kuswali, nageuka magunia yote mawili yako ndani ya boti na hamali anataka mia mia. Nikamwambia ni mchanga. Akasema mzigo ni mzigo.

Upande wa Lamu bwana harusi mwenyewe amekuja kutupokea gatini, kanzu nyeupe, ananusa udi, akalipapasa gunia akauliza ni mchele wa wapi.

"Wa Malindi," ami akamjibu, akatangulia.